Nyuzi 16 za Malta si nyuzi 16 za Njombe

*"Mtaalamu, shikamoo. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Malta, masomo yanaanza Oktoba, na nitaenda na mwanangu wa kiume wa miaka saba. Nimezaliwa Njombe ila sasa naishi Dar, Kimara. Kwenye simu naona Januari Malta ni nyuzi 16 mchana na 10 usiku, nikajisemea hiyo ni afadhali kuliko kwetu Njombe mwezi wa saba. Lakini dada mmoja aliyesoma huko ananiambia hajawahi kupigwa na baridi kama ile maishani mwake. Binamu yangu aliyeko Nicosia naye anasema visiwa vile ni joto la kufa mtu kiangazi, na theluji milimani. Nani mkweli? Mtoto ana pumu, na Dar humsumbua zaidi wakati wa masika. Dalali ameniletea nyumba mbili: moja ya chini kabisa, bei nafuu, nyingine ghorofa ya mwisho chini ya paa. Nichague ipi, nibebe nini, na tufike lini? Mtoto naye anauliza kama ataona theluji."*

Marahaba, dada yangu, na hongera kwa nafasi hiyo.

Nianze na swali la nani mkweli, maana ndilo linalokuchanganya. Wote ni wakweli, simu yako ikiwemo. Binamu yako anasema ya Cyprus, na Cyprus ni kisiwa kingine kabisa. Nicosia iko ndani ya nchi kavu, mbali na upepo wa bahari, ndiyo maana Julai na Agosti mji huo huchemka mpaka nyuzi 37 na kupita. Na milima ya Troodos inafika mita 1,952, kwa hiyo theluji inaanguka kweli na watu wanateleza juu yake. Malta haina hayo mawili. Visiwa vyake vyote kwa jumla ni kilomita za mraba 316, yaani Unguja peke yake inaizidi mara tano, na kilele chake cha juu kabisa ni mita 253, kilima ambacho kwenu Njombe wangekilima viazi bila kukipa jina. Huwezi kusimama popote Malta ukawa mbali na bahari. Bahari hiyo ndiyo inayoshika usukani wa kila kitu nitakachokueleza.

Dada aliyesoma pale, yeye ndiye wa kumsikiliza kwa makini, ingawa nadhani hakukwambia alipigwa na baridi *wapi*. Mimi nitakwambia: ndani ya nyumba.

Nilikaa pale miaka kadhaa. Mwaka wa kwanza nilipanga chumba cha chini, kwenye kichochoro chembamba, na nilikuwa na kipimajoto changu cha kazi. Siku moja ya Februari, saa nane mchana, kipimajoto kilisoma nyuzi 13 mezani kwangu. Nje zilikuwa 16. Nimevaa sweta mbili na kofia, naandika huku nimekalia mikono kwa zamu. Jirani yangu, bibi wa makamo ya mama yangu, alikuwa ametoa kiti cha plastiki mlangoni kwake, kavaa koti, uso kaugeuzia jua. Akaniita kwa mkono: toka nje upate joto. Njombe mtu akitaka joto anaingia jikoni. Pale tulitoka nje.

Hapa ndipo simu yako inapokudanganya. Zile nyuzi 16 na 10 ni sahihi, lakini zimepimwa nje, kivulini, kwenye kituo cha hali ya hewa kilichopo uwanja wa ndege wa Luqa. Hazisemi lolote kuhusu chumba utakacholala. Wala hazisemi kitu kingine cha maana zaidi: siku inavyokwenda kati ya namba hizo mbili.

Wewe unaijua baridi ya Njombe. Alfajiri ya mwezi wa saba mabondeni umande unaganda juu ya majani, vidole havishiki kitu. Lakini ikifika saa nne jua limeshapanda, watu wanatoka kuota jua, blanketi zinaanikwa, nyumba ya tofali za kuchoma inaanza kupata uvuguvugu, na jioni mkaa unawashwa. Mwili unapata likizo kila siku. Na juu ya yote, ni kiangazi: hakuna mvua, nguo zinakauka, kuta ni kavu. Malta, baridi haina makali hayo ya alfajiri, ila haina likizo. Kati ya usiku na mchana wa Januari tofauti ni nyuzi sita hivi tu. Wiki inaanza na kuisha ukiwa kati ya 10 na 16, nyumba haipati nafasi ya kupumua.

Sababu mojawapo ni jua lenyewe. Njombe, hata mwezi wa sita ambapo jua limehama mbali kwenda kaskazini, saa sita mchana liko nyuzi 57 juu ya upeo (hizi ni nyuzi za pembe, si za joto), na kivuli chako ni kifupi kuliko wewe. Malta, mwisho wa Desemba, jua la adhuhuri linafika nyuzi 31 tu. Ukisimama hapo saa sita mchana, kivuli chako kinakuzidi urefu kwa zaidi ya nusu. Jua la namna hiyo linapita kama mgeni mwenye haraka: limechelewa kuingia, na jioni, saa kumi na dakika hamsini, limeshazama. Mtoto atatoka shule na ndani ya muda mfupi ni giza. Mwandae kwa hilo, maana watoto wetu wamezoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. (Juni atalipwa: jua litazama saa mbili na dakika ishirini usiku na atakataa kulala.)

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha majira ya Mediterania yote, na ambalo kwetu liko kinyume. Sisi mvua yetu inafuata jua. Jua linapokuwa utosini, ardhi inapata moto, hewa inapanda, mawingu yanajengeka, inanyesha. Ndiyo maana Njombe mvua ni Novemba hadi Aprili, miezi ya joto, na baridi inakuja na ukavu. Hewa ile iliyopanda kwetu haipotelei angani. Inasafiri juu kwa juu kuelekea kaskazini na kusini, kisha inashuka tena kwenye maeneo ya nyuzi 30 hivi za latitudo. Hewa inayoshuka inabanwa, inapata joto, na mawingu yanayeyuka. Ukanda huo wa hewa inayoshuka ndio umeifanya Sahara iwe Sahara.

Malta iko karibu na nyuzi 36 kaskazini, pembeni tu mwa ukanda huo. Kiangazi jua linapohamia kaskazini, ukanda nao unahama na kuifunika Malta kama kifuniko cha sufuria. Kwa miezi mitatu kisiwa kinakuwa mtaa wa nje wa Sahara: Julai unaweza kupita bila tone moja. Jua likirudi kusini, kifuniko kinaondoka, na dhoruba za kutoka bahari ya Atlantiki zinapata njia ya kuingia. Kwa hiyo mvua ya Malta inakuja *pamoja na* baridi. Kwa mwaka mzima wanapata kama milimita 550, nusu tu ya zile za Dar, lakini karibu zote zimebanwa kati ya Septemba na Machi.

Wenyewe wanalijua hili kwa ulimi. Kimalta ni lugha yenye shina la Kiarabu, na utakutana humo na jamaa wa maneno yetu: bahari kwao ni *baħar*. Majira ya baridi wanayaita *xitwa*, na mvua wanaiita *xita*. Ni neno moja lililogawana kazi mbili. Na kama unasoma Matendo ya Mitume, sura ya 28, pale Paulo na wenzake walipookoka baharini wakafika kisiwa kiitwacho Melita, unakumbuka wenyeji waliwafanyia nini kwanza: waliwasha moto, kwa sababu ya mvua na baridi. Vyote viwili, sentensi moja. Mimi huwa naihesabu hiyo kuwa taarifa ya hali ya hewa ya zamani kuliko zote za kisiwa kile, na mpaka leo haijahitaji kusahihishwa.

Kwetu "baridi yabisi" ni ugonjwa wa viungo, ingawa maneno yenyewe yanasema baridi kavu. Ile ya Malta ni baridi majimaji. Ila nisahihishe kidogo wanachosema wengi, kwamba hewa yenye unyevu ndiyo inayokunyonya joto mwilini. Kwa nyuzi 10 au 15, unyevu ulio hewani peke yake hauongezi baridi sana. Kinachokuumiza ni vitu vilivyolowa unyevu huo: shuka linalokupokea kitandani kama kitambaa kilichokamuliwa, soksi ambazo hazijakauka sawasawa, na zaidi ya yote ukuta. Ukuta baridi unavuta joto la mwili wako hata usipougusa, kama vile moto unavyokupa joto bila kuugusa, ila kinyume chake.

Na kuta zile ni za kazi. Nyumba za Malta zimejengwa kwa jiwe lao la chokaa, la rangi ya asali, laini la kukatika kwa msumeno. Za zamani zina kuta nene, dari refu na sakafu ya vigae. Zilijengwa kupambana na Agosti, si Januari. Jiwe hilo linafyonza maji kutoka chini kama sukari iliyowekwa kwenye kisahani cha chai. Mfumo wa kupasha nyumba nzima joto, kama wa Ujerumani au Uingereza, kwa kawaida haupo. Ndiyo maana mwenzetu anayesoma Berlin kwenye nyuzi sifuri anakaa chumbani na fulana, na wewe wa Malta kwenye nyuzi 14 unalala na kofia.

Angalia sasa inavyofanyika. Hewa ya chumba yenye nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 75 huanza kudondosha maji ikikutana na kitu cha nyuzi 13 hivi. Umepika ugali, umechemsha maharage, umeanika sare za mtoto kwenye kiti, na mmelala wawili mnapumua usiku kucha na dirisha limefungwa. Mvuke wote huo unatafuta mahali pa baridi pa kutua, na unapapata nyuma ya kabati, pembeni mwa dari, chini ya kitanda. Ukuta unatoka jasho. Wiki mbili baadaye pana madoa meusi, na harufu ya ghala la mahindi yaliyovunda. Viatu vyangu vya ngozi, vya kuvaa siku ya mahafali, nilivikuta vimeota ukungu wa kijani kama mkate. Dagaa wa Mwanza nilioletewa na rafiki walilainika kwenye mfuko wao kabla sijamaliza nusu. Chumvi ndiyo usiseme.

Kwa mtu mzima ni kero. Kwa mtoto mwenye pumu, kuvu ni kichokozi halisi, na nadhani hata yale mashambulizi ya masika ya Dar umwulize daktari wake, maana masika ndiyo miezi ambayo nyumba zetu nazo zinaota ukungu. Kwa hiyo, dada, pesa uliyopanga kununulia koti kubwa, iweke kwenye kodi. Huko hupambani na baridi ya barabarani.

Nyumba ya chini kabisa nakushauri uiache, hata kama bei inavutia. Inabeba unyevu wa ardhi, jua halifiki kichochoroni, na kama iko kwenye mabonde ya Msida au Birkirkara, mvua kubwa ikishuka maji yanapita mlangoni. Pale ndipo Jangwani yao, kama lile bonde letu la Dar linalofurika. Ya juu kabisa chini ya paa ni kavu zaidi na ina mwanga, nami ningeichukua kati ya hizo mbili. Lakini nikwambie na ubaya wake: paa lile linapigwa na jua la kiangazi saa kumi na nne kwa siku, na usiku wa Agosti linakurudishia joto lote kama mgongo wa tanuri. Bila kiyoyozi hamtalala. Ukipata ya katikati, ghorofa ya pili au ya tatu, yenye majirani juu na chini, hiyo ni bora kuliko zote mbili.

Uliza dirisha linaangalia wapi. Hapa watu wetu wengi tunakosea, maana kwetu mwezi wa saba jua liko upande wa kaskazini. Malta ni kinyume: wakati wa baridi jua linapita kusini, chini, na dirisha la kusini linaliingiza mpaka katikati ya chumba. Kiangazi jua hilohilo linapanda karibu na utosi na dirisha la kusini halikuumizi sana. Dirisha la magharibi ndilo la kuogopa Agosti jioni. La kaskazini, Januari, halitaona jua kabisa.

Usilipe kodi ya miezi mingi kwa picha za simu. Fikia sehemu ya muda wiki moja au mbili, kisha nenda ukaguse. Na hapa ujihadhari na Oktoba, maana ni mwezi mdanganyifu. Mchana ni nyuzi 25, bahari bado ya uvuguvugu, kuta zimekaushwa na kiangazi kizima na rangi imepakwa juzi. Kila nyumba inaonekana nzuri. Fungua kabati uingize kichwa ndani, unuse. Vuta kitanda. Tazama pembe za dari bafuni kama rangi imevimba. Mwulize mpangaji wa jirani, si mwenye nyumba, ukuta unakuwaje Februari. Kagua pia kama kiyoyozi kinapasha joto na si kupoza tu, na hakikisha mkataba unaruhusu wewe na mtoto kuandikishwa kwenye mita ya umeme kama wakazi, kwa sababu bei ya mkazi ni ndogo kuliko ya nyumba isiyoandikishwa wakazi. Wapangaji wageni wanaumia sana hapo.

Ukishahamia, nunua mashine ya kunyonya unyevu kabla ya kununua hita. Yangu ya mwaka wa pili nilikuwa naimwaga maji lita mbili kila asubuhi, kutoka kwenye chumba ambacho mtu angeapa ni kikavu. Kabati liache nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Funika sufuria ukipika. Nguo anika juu ya paa la jengo kama wenyeji.

Na fungua madirisha, ila si kila siku. Wamalta wana jina la kila upepo, kama wavuvi wetu wanavyotofautisha kaskazi, kusi, matlai na umande, na mwaka wako wa kwanza jifunze majina matatu tu. *Majjistral* unatoka kaskazini magharibi, ndio unaovuma mara nyingi kuliko yote, msafi na mkavu kiasi. Siku ya Majjistral fungua kila dirisha dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni, hata kama mnatetemeka. *Grigal* ni wa kaskazini mashariki, wa majira ya baridi. Bandari zao nyingi zimefungua mdomo upande huo, kwa hiyo mawimbi yanaingia moja kwa moja. Februari 2019 upepo huo ulirusha samaki kutoka baharini mpaka barabarani pale Xemxija, watu wakaokota kwa mifuko. Siku hizo msipite njia za ufukweni, hata kwa kupiga picha.

Wa tatu ni *Xlokk*, wa kusini mashariki. Unazaliwa Sahara ukiwa mkavu kama majivu, unavuka bahari kutoka Libya, kilomita mia tatu na zaidi, unakunywa maji njiani, na unafika Malta umebeba vumbi na unyevu pamoja. Mara nyingi ni majira ya kuchipua, Machi hadi Mei. Anga inakuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na mvua ikinyesha magari yote yanabaki na matope mekundu. Siku ya Xlokk funga madirisha. Watu wanafanya kinyume, kwa kuwa nje kuna joto tamu kuliko ndani. Hewa ile ya joto na mvuke inaingia, inakutana na mawe yaliyohifadhi baridi ya Februari, na ukuta mzima unatiririka. Na lile vumbi halimfai mwanao.

Kalenda kwa ufupi basi. Fikeni Septemba mwishoni au mwanzo wa Oktoba. Mtoto apate wiki chache za jua na bahari kabla mwili haujabadilishiwa majira. Msimu huo ndio pia wa ngurumo. Bahari imehifadhi joto la kiangazi, nyuzi 26 hivi Septemba, na hewa baridi ya kwanza kutoka Ulaya ikipita juu yake, ni kama kumwaga maji kwenye kikaango. Inanyesha kwa saa moja mvua ya wiki nzima, mitaa inakuwa mito, kisha jua linatoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Usivuke maji yanayokwenda kasi, kwa mguu wala kwa gari. Mara chache bahari hiyo yenye joto huzaa dhoruba inayojizungusha, ndugu mdogo wa vile vimbunga vya Bahari ya Hindi. Septemba 2023 dhoruba ya namna hiyo iliyoitwa Daniel ilivuka kwenda Libya na kuvunja mabwawa juu ya mji wa Derna, maelfu wakafa. Malta yenyewe Februari mwaka huohuo ilipigwa na mvua na upepo wa dhoruba ya Helios. Sikutishi, ila tangazo la tahadhari likitoka, litii.

Novemba kati huwa panatokea siku kadhaa za joto wanazoziita kiangazi cha Mtakatifu Martini. Usigawe masweta. Baridi kamili ni Desemba mwishoni hadi Machi mwanzoni, na bahari inafika nyuzi 15 au 16, ukitumbukiza mguu unautoa mwenyewe. Aprili na Mei ni miezi mizuri kuliko yote, maua kila mahali. Kiangazi ni nyuzi 32 mchana wa Agosti na 23 usiku, jasho kama la Dar Februari. Lakini mawimbi ya joto yapo, yanapita 40, na rekodi ya Luqa ni 43.8, Agosti 1999. Julai 2023 joto lilishikilia, nyaya za umeme za chini ya ardhi zikashindwa, na mitaa mingi ikakaa gizani bila viyoyozi.

Mizigo: nenda soko la Karume, mitumba, mnunue sweta nyepesi tatu tatu badala ya nzito moja, fulana za ndani za mikono mirefu, soksi za kutosha, na koti jepesi lisilopitisha upepo wala maji, lenye kofia. Mwavuli uache, upepo utaugeuza bakuli. Viatu viwe na soli ya kushika, maana mawe ya njiani yaliyosuguliwa na miguu ya miaka mingi yakilowa ni sabuni. Mpira wa maji moto wa kulalia ni bei rahisi na una faida kuliko blanketi la tatu. Plagi zao ni zilezile za pini tatu za mraba.

Kitu kimoja sitakizungumza kwa upole. Msiwashe mkaa ndani, hata kidogo, hata mlango ukiwa wazi. Nyumba zile hazina mianya kama jiko la nyumbani Njombe. Gesi ya mkaa haina harufu na inaua watu wamelala. Hita za mtungi wa gesi zinazosukumwa kwa magurudumu zinauzwa kila mahali na wenyeji wanazitumia, lakini zinatoa hewa hiyohiyo zisipounguza vizuri, na kila saa zinapowaka zinamwaga mvuke chumbani. Unapata joto la jioni na kuvu la asubuhi. Kwa mtoto mwenye pumu, tumia kiyoyozi cha kupasha au hita ya umeme.

Kuhusu pumu yenyewe, mimi ni mtu wa mawingu, si daktari. Kabla ya kuondoka mpeleke kwa daktari wake hapo Dar, ukamwambie wazi mnahamia mahali pa kuvu, vumbi la jangwa na chavua. Majira ya kuchipua kuna mmea mdogo, Parietaria, unaoota kwenye nyufa za kuta za mawe, na chavua yake inasumbua wengi wa pumu Mediterania. Omba mpango ulioandikwa, wa siku ya kawaida na wa siku mbaya, majina ya dawa yawe ya dawa yenyewe na si ya kampuni, dawa za miezi ya kwanza, na lile kopo la plastiki la kuvutia dawa. Thibitisha bima yako inamhusu na yeye. Mkifika, mwandikishe kwa daktari wiki ya kwanza, kabla hajaugua.

Kama anakohoa kila usiku, au anahitaji dawa ya kutuliza mara nyingi kuliko alivyozoea, usisubiri kiangazi kimponye. Mwoneshe daktari, na mweleze nyumba ilivyo. Lakini ukiona ngozi inaingia ndani katikati ya mbavu akipumua, hawezi kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, au dawa ya kutuliza haimsaidii ama inaisha nguvu kabla ya muda wa saa nne kupita tangu aivute, piga 112 papo hapo, endelea kumpa dawa kama mpango wake unavyosema. Hospitali kuu ya umma inaitwa Mater Dei na iko Msida. Nchi ni ndogo, hamtakuwa mbali.

Limebaki swali la mwenye swali. Mwambie theluji Malta karibu haianguki. Mara ya mwisho iliyozungumzwa sana ilikuwa tarehe 31 Desemba 2014, vipande vichache vilivyoyeyuka kabla ya kugusa mkono. Lakini ngojeni asubuhi moja ya Januari au Februari, upepo wa kaskazini umepita usiku na kusafisha anga. Mpeleke mahali palipoinuka, mtazame kaskazini juu ya bahari, upande wa Sicily. Siku ikiwa nzuri ataona kitu cheupe kimekaa juu ya maji peke yake, kama wingu lisilosogea. Huo ni mlima Etna, zaidi ya kilomita mia mbili, na ule weupe ni theluji.